Imekohoa

1

Ngozi ya tatu ilikubali. Semeni Chidawali aliizungusha kwenye kidole gumba, akaibinya ukingoni, akainusa kama mtu anayenunua samaki asiyemwamini muuzaji. Ilikuwa imelala siku nne kwenye mafuta ya nyonyo na sasa ilijikunja bila kupasuka. Zile mbili za kwanza zilipasuka kwa papara zake mwenyewe. Alizitoa kwenye mafuta siku ya pili, akajidai anajua, na ngozi ya ng'ombe ikamtia adabu.

Ngozi hizo zilikuwa za kuvalisha pistoni ya pampu ya Kisima Namba Moja, mashine iliyokuwa kuukuu hata enzi za baba yake, na ambayo kwa miaka thelathini iliyopita ilikuwa nyumba ya popo na kuku. Semeni alikuwa ameishughulikia kwa miezi mitatu. Aliitoa kutu injini ya silinda moja na magurudumu yake mawili mazito, akashona upya mkanda wa turubai, akanyoosha fimbo za chuma zinazoshuka mita thelathini na nane mpaka ilipo pistoni. Dizeli ilikuwa haipatikani tena, kwa hiyo aliinywesha injini mafuta ya alizeti, na siku alipoijaribu kwa dakika mbili kijiji kizima cha Chilonzu kilidhani kuna mtu anakaanga maandazi.

Mashine hiyo haikuwa na ubongo, na ndiyo maana ilitakiwa. Visima vingine vyote vya bonde vilikuwa na ubongo mmoja ulioitwa Mizani. Mizani iligawa maji kwa kila shamba, ikafungua vali na kuzifunga yenyewe, na haikuwahi kumpendelea mtu. Ila ilipozaliwa haikujua lolote kuhusu maji yaliyo chini ya ardhi, kwa hiyo ilifundishwa kwa madaftari ya wahudumu wa pampu za zamani: waliwasha saa ngapi, wakazima saa ngapi, kisima kikahimili au hakikuhimili. Kutokana na hayo ilijua akiba iliyomo bondeni. Sheria ikaweka sharti moja, kwamba kila baada ya miaka thelathini mashine iliyoandikiwa daftari la kwanza iwashwe tena, ivute maji mbele ya mkaguzi na jirani, na chuma kitoe ushahidi. Ushahidi ukilingana na daftari, hesabu za Mizani zinafungwa kwa miaka thelathini mingine. Siku hiyo ilikuwa kesho.

Kilichobaki ni urefu wa mkupuo, yaani pistoni ipande kiasi gani kila mara. Mkono wa kichwa cha pampu ulikuwa na matundu matatu, na Semeni hakujua baba yake alitumia lipi. Alifungua sanduku la bati, akatoa daftari lenye jalada la kijani ambalo hakuligusa tangu akiwa na miaka kumi na tisa, akaketi kwenye debe lililopinduliwa.

Tundu alilipata ukurasa wa kwanza. "Tundu la kati," mzee aliandika, kwa zile herufi zake zilizosimama wima. Semeni angeweza kufunga daftari hapo, na mara nyingi baadaye alitamani angelifunga.

Chini yake kulikuwa na mstari wa siku ile. *Kuwasha 12. Kuzima 4. Imekohoa.* Siku iliyofuata, hivyo hivyo. *12. 4. Imekohoa.* Alifunua kurasa kumi, ishirini, miezi, miaka.

Pampu hukohoa pale maji yanaposhuka chini ya pistoni na ngozi zikaanza kunyonya hewa. Baba yake hakuwa akizima kwa sababu kazi imeisha. Alizima kwa sababu kisima kimekauka, akakiacha kijae mpaka kesho yake. Na mtu yeyote wa Chilonzu akiona 12 kisha 4 anaona jua linachomoza na anaona watu wanakunywa chai. Saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne asubuhi. Mwendo wa saa nne.

Ndipo Semeni alipoikumbuka ile fomu.

Yeye ndiye aliyeingiza daftari hili kwenye Mizani. Alichaguliwa kwa sababu alisoma mwandiko wa baba yake na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Fomu ilikuwa na kisanduku cha kuwasha na kisanduku cha kuzima. Hakukuwa na kisanduku cha maoni, kwa hiyo "imekohoa" aliiacha. Hakukuwa na kisanduku cha asubuhi wala jioni, na wala hakukitafuta, maana nani asiyejua? Aliandika 12, akaandika 4, mara elfu tatu na kitu, na akapewa cheti.

Lakini fomu ile ilihesabu siku kuanzia usiku wa manane, sifuri mpaka ishirini na nne. Kwake 12 ilikuwa adhuhuri. Na 4 ilikuwa alfajiri ya siku ya pili. Saa kumi na sita.

Kwa miaka thelathini Mizani ilikuwa ikiamini kwamba Kisima Namba Moja kilivutwa saa kumi na sita kila siku bila kutetereka, na ikagawa maji mara nne ya yaliyokuwepo. Vipimo vya visima vilionyesha maji yanashuka, hilo kila mtu alilijua. Mizani iliamini daftari. Daftari likisema maji yapo na kipimo kikisema hayapo, jibu lake lilikuwa moja tu: kuna mwizi.

Mwizi ilishampata. Miaka mitatu iliyopita visima vya Mahaka, kijiji cha jirani kwenye ukingo wa bonde, vilishuka kuliko hesabu. Mizani ikatangaza wizi, ikafunga vali zao zote, na watu wa Chilonzu, Semeni akiwemo, wakasema walistahili. Semeni alilifunga daftari na kuliweka magotini.

2

Nhonya, mdogo wake, alifika alasiri na kichala cha zabibu mkononi. Alikuwa mwenyekiti wa wakulima, na tangu achaguliwe hakuwahi kutembelea mtu mikono mitupu.

"Onja hii, dada. Wiki tatu tu tunavuna, hazizidi. Mwaka huu wanunuzi watatutafuta wenyewe."

Semeni hakuonja. Alimweleza yote, taratibu, akimwonyesha kwa kidole kwenye daftari, na Nhonya alisikiliza akiwa amekishika kile kichala kwa kikonyo chake. Alipomaliza, Nhonya aliuliza swali la mtu anayejua hesabu.

"Ikijua, itatupunguzia lini?"

"Papo hapo. Unaijua ilivyo."

"Kwa kiasi gani?"

"Robo."

Nhonya alitazama nje ya banda. Kuanzia mlangoni mpaka chini ya kilima ilikuwa mizabibu mitupu, safu baada ya safu, ya kaya mia sita. Mizabibu mingine ilikuwa na umri sawa na watoto wake. Jua la Agosti lilikuwa linawaka, mvua ni Desemba ikijisikia.

"Robo haitafika mvua," alisema. "Si zabibu tu. Mashina yenyewe yatakufa. Mtu akianza upya leo, anakula baada ya miaka mitatu. Watu watahama, dada, kama walivyohama Mahaka."

"Mahaka hawakuiba."

"Nimekusikia. Nami sijasema waliiba." Sauti yake haikupanda, na hilo lilimsumbua Semeni zaidi kuliko kama angefoka. "Nasema wao tayari wameanguka. Tukianguka na sisi, wao watainuka? Tuvune kwanza. Halafu twende wote wawili tukaseme."

"Kesho ikipita hesabu zinafungwa. Hiyo halafu yako ni miaka thelathini."

"Na akiba hii ya sasa itakaa miaka mingapi?"

Semeni alikuwa ameshapiga hesabu hiyo nyuma ya jalada. "Saba. Pengine sita."

"Basi tuna miaka sita ya kufikiri," Nhonya alisema, na kwa mara ya kwanza akakwepa macho ya dada yake. "Ile puli kubwa ipo wapi?"

Kulikuwa na puli mbili, magurudumu ya kupitisha mkanda, za kuvalisha upande wa pampu. Ndogo ndiyo aliyoitumia baba yao. Kubwa ilikuwa ya pampu nyingine, waliifukua pamoja kwenye chuma chakavu. Kwa puli kubwa mkanda huzunguka na kelele ni zile zile, ila pistoni inapanda mara moja pale ilipopaswa kupanda mara tatu. Kisima kingepata nafasi ya kujaa huku kikivutwa. Kingeenda saa kumi na sita bila kukohoa hata kidogo, na mkaguzi, ambaye katika maisha yake hajawahi kuona mkanda ukizungusha kitu, angeandika na kuondoka.

Semeni aliona shamba la Nhonya, na lake mwenyewe pembeni, safu arobaini alizozipanda mwaka alioachika, akazimwagilia kwa ndoo mpaka zikashika. Aliwaona watu wakimnyooshea kidole dukani: huyo ndiye aliyekosea, kisha akaja kutumaliza. Alikuwa na hofu, na hakuna haja ya kuipamba. Hakusema ndiyo. Alimpa mdogo wake spana.

3

Saa kumi na moja na nusu asubuhi mkaguzi aliteremka kutoka kwenye chombo chake cha usafiri, msichana mwembamba aitwaye Arafa, viatu vyeupe, kibao cha kioo kifuani. Alimwamkia Semeni kwa heshima, akaizunguka injini mara mbili bila kuigusa.

"Samahani mama, hii ndiyo inavuta, au ni ile inayoinama?"

"Zote mwanangu. Hii inamsukuma yule, yule ndiye anayevuta."

Arafa aliandika. Nhonya, aliyekuwa ameegemea nguzo, alishusha pumzi.

Jirani alikuja kwa miguu. Sheria ilitaka mtu mmoja wa kijiji cha jirani awe shahidi, na Mahaka walikuwa wamebaki wachache hivi kwamba hakukuwa na wa kuchagua. Aliitwa Ndahani, mwanamume wa makamo, kiganja kimoja kimefungwa kitambaa. Mgongoni alibeba dumu dogo la lita tatu.

"Hodi Fundi. Nimeleta maji ya kuinywesha."

Semeni alikuwa ameisahau desturi hiyo. Pampu iliyolala lazima inyweshwe kwanza, ngozi zilowe, la sivyo inapanda kavu na haivuti. Zamani, pampu ya kijiji kimoja ikitengenezwa, aliyeinywesha alikuwa jirani, ili asije akasema kesho kwamba maji yaliwashwa kwa siri.

"Kaka Ndahani, maji tunayo hapa. Hayo si ndiyo maji yako ya kunywa ya leo?"

"Ndiyo ya leo. Lakini ndivyo inavyofanywa." Alifungua kifuniko, akapanda kwenye jiwe, akaanza kumimina taratibu kwenye mdomo wa bomba. Hakudondosha hata tone. Alizungumza huku akimimina, bila kumtazama mtu. "Nimefurahi mmeifufua. Mimi nitakaa mpaka mwisho, hata ikifika kesho. Nataka nijue tu."

"Kujua nini?" Arafa aliuliza.

"Kama bomba langu linavuja. Hii ikivuta kama Mizani inavyosema, basi kosa liko kwangu. Maana mimi sikuiba, na mke wangu hakuiba, lakini Mizani haisemi uongo. Kwa hiyo nikasema patakuwa panavuja mahali. Nimelichimbua. Tangu walipotufungia, kila siku kipande. Kilomita moja na nusu. Sijaona tundu." Alilitikisa dumu litoke la mwisho. "Baba alikufa akijua mimi mwizi. Siku hizi nikilala huwa najiuliza, labda niliiba nikasahau."

Alishuka kwenye jiwe na kufunga kifuniko cha dumu tupu, akakikaza vizuri, kama vile ndani bado mna kitu.

Semeni alimtazama Nhonya, na Nhonya alijua kabla hajasogea. Alitikisa kichwa mara moja, kidogo sana. Uso wake ulikuwa unaomba.

"Spana," Semeni alisema.

"Dada."

"Nipe spana, Nhonya."

Hakumpa. Semeni akaichukua mwenyewe juu ya gogo, akautoa mkanda, akalegeza nati, akaishusha ile puli kubwa na kuiegemeza ukutani mbele ya watu wote. Akavalisha ndogo. Ilimchukua dakika kumi.

"Kuna tatizo mama?" Arafa aliuliza.

"Lilikuwepo. Puli ile si ya baba. Hii ndiyo yake." Akashika hendeli, akazungusha mara tatu, mara nne, akaangusha wenzo wa kubana hewa. Injini ikapiga moja, ikasita, ikapiga tena, halafu ikashika mwendo, na harufu ya maandazi ikajaa banda. Kichwa cha pampu kikainama na kuinuka. Kwenye dakika ya tatu maji yakaruka bombani, mazito na meupe, yakaangukia kwenye mfereji wa zege.

Kibao kifuani mwa Arafa kikazungumza kwa sauti ya Mizani, tulivu, isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke. "Saa ya kuwasha?"

"Saa kumi na mbili kamili," alisema Semeni. Akamwona msichana akiandika sita, kwa hesabu ya usiku wa manane, bila hata kufikiri, na roho ikamuuma. Huyu mtoto alifundishwa. Kwa nini yeye hakufundishwa?

Wakakaa. Saa moja ikapita, maji yakija sawasawa. Nhonya alikuwa amechuchumaa mlangoni, mgongo wake kwao, anatazama mizabibu. Semeni alisimama kando ya injini, ncha ya bisibisi kwenye chuma cha pampu na mpini wake sikioni, kama alivyofundishwa na baba, anasikiliza chini. Alijiambia mpaka saa nne. Saa nne itakohoa, daftari litathibitika, itabaki robo. Na robo si bure. Kwa robo mtu mwenye akili anaokoa mashina ya zamani. Alishaanza kupanga safu kichwani.

Saa mbili kasoro dakika chache, bisibisi ilileta mlio tofauti. Mkwaruzo mwembamba, kisha kimya, kisha mkwaruzo. Mapema mno. Alikandamiza mpini sikioni akitumaini amekosea.

Maji bombani yakayumba, yakageuka povu. Injini, ilipopungukiwa mzigo, ikaongeza mwendo. Na pampu ikakohoa, kohozi moja refu la mzee, likapandisha hewa na matope mpaka mlangoni. Ikakohoa tena.

Semeni alizima. Magurudumu yalizunguka yenyewe kwa muda, yakasimama.

"Imeharibika?" Arafa alinong'ona.

"Haijaharibika. Maji yameisha."

"Lakini daftari linasema kumi na sita."

"Daftari linasema nne." Alilitoa chini ya debe, akalifungua, akamwekea mapajani. "Soma hapa. Saa za kwetu. Kumi na mbili asubuhi, nne asubuhi. Niliyeingiza vibaya ni mimi, Semeni Chidawali, nikiwa na miaka kumi na tisa. Na hili neno la tatu sikuliingiza kabisa. Mahaka hawajaiba hata kikombe."

Arafa alisoma mstari mmoja, akafunua, akasoma mwingine. Alikuwa mwepesi wa kuelewa. Alinyanyua uso. "Nne, si mbili. Leo imekata kwenye mbili."

"Naam."

"Zile mbili zimekwenda wapi?"

"Tumezinywa," alisema Semeni. "Miaka thelathini. Sisi na mizabibu yetu."

Kibao kikauliza, kwa utulivu ule ule, "Saa ya kuzima?"

"Saa mbili," Semeni akajibu, kisha akaweka kidole juu ya kioo kabla msichana hajaandika. "Asubuhi. Andika na hilo neno. Na andika imekohoa."

"Hakuna sehemu ya kuandika maneno, mama."

"Basi mwambie kwa mdomo."

Arafa akakisogeza kibao karibu na midomo, akakisomea ukurasa wa daftari mstari kwa mstari, na kila mwisho wa mstari akatamka "asubuhi," na kila mwisho wa mstari akatamka "imekohoa." Kwenye mstari wa saba sauti ilimkatiza. "Nimeelewa. Naomba dakika moja."

Haikumaliza dakika. Kutoka juu kabisa ya kilima kilisikika kishindo kidogo cha vali kujifunga, tak, halafu kingine chini yake, halafu kingine, vikiteremka safu kwa safu kuelekea bandani na kupita. Matone yaliyokuwa yakidondoka chini ya mashina tangu alfajiri yakakoma. Maandishi yakatokea kwenye kioo na Arafa akayasoma kwa sauti ndogo. Mgao mpya wa Chilonzu haukuwa robo. Ulikuwa thumuni. Safu moja katika kila nane.

Nhonya alisimama mlangoni. Semeni alisubiri amtukane, na angemshukuru kwa hilo. Badala yake alijipangusa magoti, akafanya hivyo kwa muda mrefu kuliko vumbi lililokuwepo.

"Lazima tuchague leo, jua halijakuwa kali," alisema, sauti imekauka. "Watu wataniuliza tumeanza kuziacha safu za nani."

"Anza na zangu," Semeni alisema. "Zote arobaini."

Nhonya alimtazama, macho yamejaa, akaitikia kwa kichwa na kutoka.

Ndahani alikuwa bado amekaa juu ya jiwe, dumu miguuni. Simu yake ilikuwa imelia mfukoni na alikuwa ameisoma, kisha akaisoma upya, midomo ikichezacheza kwa kila neno. Semeni akaenda akachuchumaa mbele yake. Alitaka kumwomba radhi, lakini akatanguliwa.

"Wamefungua vali zetu," Ndahani alisema. Hakuonekana kufurahi. Alionekana kama mtu aliyeamshwa ghafla na hajui yuko wapi. Aliutazama mkono wake uliofungwa kitambaa, akaugeuza kiganja juu. "Kwa hiyo, Fundi. Lile bomba. Halikuwa linavuja?"

"Halikuwa linavuja, kaka Ndahani."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Ndahani akatikisa kichwa taratibu. "Nimelichimbua lote," akasema.